Hojaji isiyo na nafasi ya ‘ila’: Mbona watafiti hudanganyika na ‘sijambo’ ya mhojiwa?

MIEZI michache iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu kliniki. Ni mkongwe aliyepita miaka 80, na alikwenda kupimwa shinikizo la damu. Kabla hajamwona daktari, muuguzi mmoja kijana, mpole na mwenye adabu zake, alimkalisha kwenye benchi akaanza kumsomea maswali tisa kutoka kwenye karatasi. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umepata shida ya kulala? Ni mara ngapi umejihisi mnyonge au kukata tamaa? Kila swali shangazi alilijibu kwa “Namshukuru Mungu” au “Hapana mwanangu, sijambo.” Muuguzi akatia sufuri, akatia sufuri nyingine, hadi zikatimia tisa. Hata dakika tano hazikuisha.

Tulipokuwa kwenye matatu tukirudi nyumbani, shangazi alitazama nje ya dirisha kwa muda, kisha akasema kana kwamba anazungumza na nafsi yake: “Tangu tumzike mzee, usiku kwangu ni mrefu. Naamka saa tisa, nakaa tu kitandani nikingoja kuche.” Nikamwuliza mbona hakumweleza hayo muuguzi. Alinitazama kama mtu aliyeuliza upuzi. “Yule mtoto? Rika la wajukuu zangu? Tena na watu wote wale kwenye benchi wamenitegea masikio?”

Mpenzi msomaji, nimekuwa mwalimu na msimamizi wa tasnifu kwa miongo kadhaa, na sidhani nimewahi kupata somo la mbinu za utafiti lililonikaa moyoni kama lile la kwenye matatu. Muuguzi hakukosea, kwani alifuata maagizo. Shangazi naye hakusema uongo. Alijibu kama alivyofunzwa kujibu tangu utotoni. Ila karatasi ile ilirudi kwenye faili ikisema kwamba mjane huyu hana neno, na huo haukuwa ukweli.

Hebu tulitazame neno lenyewe. ‘Hujambo’ ni kusema huna jambo, na ‘sijambo’ ni kusema sina jambo. Katika maamkizi yetu, jibu limeshaandaliwa kabla ya aliyeamkiwa kufungua kinywa. Mgonjwa aliyelazwa hospitalini, mguu umetundikwa kwa kamba, ukimwuliza ‘hujambo’ atakwambia ‘sijambo’. Ukimwuliza mtu habari za nyumbani atasema ‘nzuri’, hata kama ng’ombe amekufa jana na mtoto amefukuzwa shule kwa karo. Mzungu mgeni husikia hivyo akadhani Waswahili ni watu wa kuficha. La hasha! Mwenye lugha anajua kwamba mazungumzo bado hayajaanza. Atasubiri. Baada ya ‘nzuri’ huja kimya kidogo, kisha huja neno fupi lenye uzito: ‘ila’. “Nzuri, ila mtoto anaumwa.” “Sijambo, ila huu mguu.” Habari yenyewe hukaa nyuma ya ‘ila’.

Kasoro kubwa ya hojaji nyingi tunazotumia ni kwamba hazina nafasi ya ‘ila’. Zinaipokea salamu, zinaiandika kama habari, kisha zinaondoka.

Katika saikolojia, njia hii ya kumwuliza mtu aseme mwenyewe anavyohisi, anavyofikiri au anavyotenda, kisha kulichukua jibu lake kuwa kipimo, ndiyo njia iliyotamalaki. Sababu si ngumu kuiona. Ni rahisi, ni ya haraka, na huzaa nambari. Tangu Rensis Likert wa Marekani alipochapisha kipimo chake mwaka wa 1932, ngazi ile ya ‘nakubali kabisa’ hadi ‘sikubali kabisa’ imeingia kila mahali, kuanzia saikolojia na elimu hadi idara zetu za Kiswahili. Yale maswali tisa aliyosomewa shangazi nayo yana historia. Yalichapishwa mwaka wa 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams. Kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Ni chombo kilichosaidia watu wengi duniani, na hapa Kenya kina tafsiri ya Kiswahili. Sikilaumu chombo. Ninalaumu imani kwamba nambari iliyotoka kwenye karatasi ni moyo wa mtu.

Kwanza, kuna mambo ambayo mja hayajui kujihusu. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mwaka wa 1977, Richard Nisbett na Timothy Wilson walichapisha makala ambayo kila mwanafunzi wa utafiti angefaa kuisoma. Wanasimulia jinsi wateja dukani walivyowekewa jozi nne za soksi ndefu za kike zilizopangwa kwa safu, wakaombwa wachague iliyo bora. Jozi iliyokuwa mwisho upande wa kulia ilichaguliwa karibu mara nne zaidi ya ile ya kushoto kabisa. Walipoulizwa kwa nini wameichagua, kila mtu alikuwa na sababu yake. Hakuna aliyetaja mahali ilipowekwa. Walipoulizwa waziwazi kama mahali palichangia, karibu wote walikana. Na soksi zile, jameni, zote zilikuwa sawa! Watu hawa hawakuwa waongo. Waliulizwa sababu wasiyoijua, wakatafuta sababu inayoingia akilini, wakaitoa kwa moyo mweupe.

Pili, kuna mambo ambayo mtu huyasema kwa namna moja na kuyatenda kwa namna nyingine kutegemea aliye mbele yake. Kuanzia mwaka wa 1930, Richard LaPiere alisafiri Marekani pamoja na wanandoa wawili Wachina, wakati ambapo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa wazi. Walifika kwenye hoteli na mikahawa 251. Walikataliwa mara moja tu. Baadaye LaPiere alizipelekea hoteli na mikahawa ile barua akiuliza kama ingewapokea wageni Wachina. Kati ya majibu 128 aliyopata, zaidi ya asilimia 90 yalisema hapana. Wahakiki wa baadaye wamesema, na wana haki, kwamba aliyejibu barua huenda hakuwa yule aliyewapokea wageni mlangoni, na kwamba kuwepo kwa LaPiere mwenyewe kulibadilisha mambo. Hata hivyo, tangu alipochapisha matokeo hayo mwaka wa 1934, hakuna mtafiti awezaye kudai ati jibu la karatasini na tendo la mlangoni ni kitu kimoja.

Wakati mwingine pengo hili huenda upande wa pili, maneno yakawa mema kuliko vitendo. Wanasaikolojia Crowne na Marlowe walitunga mwaka wa 1960 kipimo cha kubaini mtu anayejibu ili aonekane mwema. Kwetu mambo huzidi hapo. Mhojiwa hajiulizi tu ‘nitaonekana vipi?’ Hujiuliza pia ‘huyu ametumwa na nani?’ Aliyebeba kalamu na faili kijijini aweza kuwa mtu wa serikali, wa msaada au wa siasa, na kila mmoja ana jibu lake. Shirika la Afrobarometer linalifahamu hilo. Huwauliza wahojiwa mwishoni wanadhani ni nani aliyewatuma watafiti. Ni swali moja tu, lakini laiti kila tasnifu ingekuwa nalo!

Tatu, na hapa ndipo safu hii ya lugha inapohusika zaidi, kuna mtego wa lugha yenyewe. Chukua maswali ya kanushi. Ukimwuliza Mswahili, “Hukulala vizuri?” naye akajibu “Ndiyo”, maana yake ni kwamba ni kweli, hakulala vizuri. Anaikubali kauli yako kama ilivyo. Anayefikiri kwa Kiingereza atalisoma jibu hilo kinyume, aandike kwamba mtu huyu alilala fofofo. Sasa weka kauli kanushi kwenye ngazi ya Likert. Mhojiwa anaambiwa aseme kama ‘hakubali kabisa’ kwamba ‘hana thamani’. Makanusho mawili yamekutana njiani, na mtu aliyeishia darasa la sita anatarajiwa kuyaamua huku mtafiti akitazama saa.

Hili si jambo la kubuni. Kipimo mashuhuri cha kujithamini cha Morris Rosenberg, kilichotolewa mwaka wa 1965, kina kauli kumi, na nusu yake zimeelekezwa upande hasi. Schmitt na Allik walipokusanya matokeo ya kipimo hicho kutoka mataifa 53, katika makala yao ya mwaka wa 2005, waligundua kwamba kauli hasi hazikueleweka kwa namna moja kila mahali. Tena kipimo hicho humtaka mtu aseme kama ana mambo ya kujivunia. Katika Kiswahili, ‘kujivunia’ na ‘majivuno’ ni ndugu wa tumbo moja, na majivuno ni aibu. Mtu aliyelelewa vyema atasita. Je, alama yake ikishuka, tumepima jinsi anavyojidharau au tumepima adabu yake?

Au chukua neno ‘mawazo’. Katika kamusi ni fikra. Mtaani, ukisikia “yule mama ana mawazo”, hujaambiwa kwamba ni mwanafalsafa! Umeambiwa ana dhiki, halali, hali. Tafsiri ya hojaji inayotumia ‘huzuni’ pekee humpita mama huyu kando, kwa sababu yeye hana huzuni, ana mawazo. Hana sonona, ana moyo mzito. Watafiti husema tafsiri yao imehakikiwa kwa kurudishwa katika Kiingereza, mbinu iliyoelezwa na Richard Brislin mwaka wa 1970. Ni mbinu ya maana, lakini hulinganisha maandishi na maandishi. Haitwambii mama aliye kwenye benchi amesikia nini.

Hata ngazi za kujibia husema na mhojiwa. Norbert Schwarz na wenzake waliwauliza Wajerumani, katika utafiti wa mwaka wa 1985, hutazama televisheni saa ngapi kwa siku. Kundi moja lilipewa ngazi inayoanza na ‘hadi nusu saa’ na kuishia ‘zaidi ya saa mbili na nusu’. Kundi jingine lilipewa ngazi inayoanza na ‘hadi saa mbili na nusu’ kisha kupanda. Katika kundi la kwanza, asilimia 16.2 walisema hutazama zaidi ya saa mbili na nusu. Katika la pili, asilimia 37.5. Swali lilikuwa lile lile. Wahojiwa waliisoma ngazi, wakakisia watu wa kawaida hukaa wapi, wakajipanga karibu nao. Nasi tunawapa watu ‘mara chache’, ‘wakati mwingine’ na ‘mara nyingi’ bila kujali kwamba ‘mara nyingi’ ya kukosa usingizi kwa mlinzi wa usiku si ‘mara nyingi’ ya mwalimu.

Nisije nikaonekana ninawanyoshea kidole wanasaikolojia pekee. Sisi wa Kiswahili tuna boriti machoni mwetu. Nimesoma tasnifu nyingi za uzamili na uzamifu kuhusu mielekeo ya Wakenya kwa Kiswahili. Sura ya tatu huwa karibu ile ile: hojaji, ngazi ya Likert, majedwali. Sura ya nne hutangaza kwamba wahojiwa wanakionea Kiswahili fahari kubwa. Ni nani atakayesema vinginevyo mbele ya mtafiti wa Kiswahili, anayeuliza kwa Kiswahili, katika nchi ambayo Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi? Mzazi anatia alama kwenye ‘nakubali kabisa’, anakunja karatasi, anageuka na kumkemea mwanawe kwa Kiingereza.

Katika utetezi mmoja wa tasnifu nilimwuliza mtahiniwa, aliyeonyesha kwamba walimu hutumia Kiswahili sanifu darasani wakati wote, kama aliwahi kuketi katika darasa hata moja kati ya hayo. Alijibu kwa unyoofu: “Hapana, Profesa. Walimu waliniambia.” Kosa halikuwa lake peke yake. Msimamizi wake alikuwa ameipitisha sura ile ya tatu, nasi watahini karibu tuipitishe.

Nami nina langu la kuungama. Nilipokuwa kijana nikikusanya data sokoni, nilimwuliza mama mmoja muuza samaki kama huona Sheng inaharibu Kiswahili. Alinitazama, akatazama kalamu yangu, akacheka: “Kwani wewe unataka niseme nini, mwanangu? Sema nikuambie, nina wateja.” Niliandika ‘nakubali’. Nambari hiyo iko mahali fulani katika kazi yangu hadi leo.

Wanaisimujamii walituonya mapema. William Labov, katika utafiti wake wa New York uliochapishwa mwaka wa 1966, aliwauliza watu wao hutamka vipi maneno fulani, kisha akalinganisha majibu na kanda alizowarekodi. Wengi walidai matamshi ya hadhi ambayo hawakuwa nayo. Peter Trudgill alipata mjini Norwich kwamba wanawake walielekea kudai usanifu kuliko walivyozungumza, huku wanaume wengi wakidai usemi wa mtaani kuliko walivyoutumia. Naye Wallace Lambert na wenzake, mjini Montreal mwaka wa 1960, hawakuuliza watu wanaionaje lugha. Waliwachezea sauti za watu wale wale wakisoma mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiingereza, bila wasikilizaji kujua. Hata wasikilizaji Wafaransa wa Kanada waliipa sauti ya Kiingereza sifa bora katika mambo mengi. Hakuna hojaji ya ‘je, unaipenda lugha yako?’ ambayo ingelifichua jambo hilo.

Je, basi tuzitupe hojaji? Hapana. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maumivu, hofu, upweke na kutotaka kuishi havionekani kwa darubini. Asipoulizwa mwenyewe, ataulizwa nani? Kumtazama mtu nako kuna dosari zake, kwani anayejua anatazamwa hujirekebisha, na kanda na muda ni gharama ambayo mwanafunzi wetu hana. Tena kumnyima mtu nafasi ya kujieleza ni dhuluma mbaya kuliko kumhoji vibaya. Ninachopinga ni hojaji kuachwa iwe shahidi wa pekee na hakimu papo hapo.

Mifano ya kazi bora ipo, tena karibu nasi. Zimbabwe, Vikram Patel na wenzake walipotaka kupima dhiki ya akili mjini Harare, hawakuanza na karatasi ya Ulaya. Walianza na maneno ya Kishona yenyewe, likiwemo ‘kufungisisa’, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo ni pacha wa ‘mawazo’ yetu. Kutokana na kazi hiyo walitoa mwaka wa 1997 kipimo cha maswali 14. Baadaye kipimo hicho kilitumika katika mradi wa Friendship Bench ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda, ambapo wanawake wazee wa mtaani waliopewa mafunzo huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza. Maswali ya karatasi yapo. Ila baada ya karatasi kuna mtu wa rika la heshima, na kuna muda.

Hapa Kenya pia tuna mfano wa kutoridhika na kauli tupu. Utafiti wa kitaifa wa kisomo cha watu wazima wa mwaka wa 2006 haukuwauliza watu tu kama wanajua kusoma. Uliwapa majaribio wasome na kuandika, ndipo ikabainika kwamba asilimia 61.5 ya watu wazima ndio waliokuwa wamefikia kiwango cha chini cha kisomo.

Kwa wanafunzi wangu na kwa wasimamizi wenzangu nina ombi dogo. Kabla ya hojaji kwenda nyanjani, wasomee watu watano au sita kila swali, kisha waulizeni wameelewa nini. Yaondoeni makanusho yasiyo ya lazima. Fikirini nani anauliza, ana umri gani, na nani anasikia. Ongezeni chombo cha pili, kiwe kanda, darasa la kuketi au kazi ya kutenda. Na kila hojaji iachiwe nafasi tupu mwishoni, nusu ukurasa, ambapo mhojiwa anaweza kusema ‘ila’. Nafasi hiyo haitaingia kwenye jedwali kwa urahisi. Isomeni hata hivyo.

Shangazi alirudi kliniki mwezi uliofuata. Safari hii nilimwomba muuguzi, kwa heshima, amwite chumba cha ndani, na ikiwezekana awe yule mama mtu mzima aliyekuwa zamu siku hiyo. Walikaa huko karibu nusu saa. Sikuuliza walizungumza nini, maana hayakunihusu. Shangazi alipotoka alikuwa na kadi mkononi yenye tarehe ya kurudi, na akaniomba nisisahau kumpeleka.